Plastiki na Mguu wa Mjomba

Marehemu mjomba wangu alikuwa na kopo la bati lililowahi kuwa la kahawa. Ndani yake aliweka kadi yake ya chama, stakabadhi za korosho, na kipande kidogo cha plastiki kilichopauka, kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Kipande hicho alinionyesha mara moja tu maishani.

"Mpwa wangu," alisema, "hiki kilikaa ndani ya paja langu miaka miwili. Eksirei haikukiona."

Sisi watu wa uwanda wa Makonde tuna ndugu ng'ambo zote mbili za mto Ruvuma, na vita ya kuikomboa Msumbiji iliyoanza mwaka 1964 haikuwa vita ya watu wengine kwetu. Mwaka 1971 mjomba alivuka mto akiwa amebeba mzigo kichwani, kama vijana wengi wa rika lake walivyofanya. Wareno walikuwa wamezika mabomu huko kaskazini ya Msumbiji ili kuwazuia wapiganaji waliokuwa wakiingia kutoka Tanzania. Mjomba alikanyaga moja. Alirudishwa kwenye machela, na mguu wake wa kulia ukakatwa chini ya goti. Daktari alitoa vipande alivyoviona na vile alivyovipapasa kwa kidole. Kipande kimoja kilibaki, maana eksirei huonyesha chuma na mfupa, lakini plastiki huipita kama haipo. Baada ya miaka miwili paja lilifanya jipu, jipu likapasuka, na hicho kikatoka.

Nimeanza na kopo hilo, ndugu msomaji, kwa sababu jambo ninalotaka kulisimulia lingeweza kuonekana la maabara tu, lisilo na damu ndani yake. Ni habari ya plastiki zinazopitisha umeme, zinazotoa mwanga, na zinazonusa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kemia katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila mwaka, tulipofika mada ya vipitishi na vihami, niliandika ubaoni sentensi ile ile: plastiki haipitishi umeme. Niliwaonyesha waya. Shaba iko ndani, plastiki iko nje; shaba hupitisha, plastiki huzuia, na ndiyo maana tunaushika waya bila kufa. Hapakuwa na la kuongeza.

Mwaka 1986 msichana mmoja wa kidato cha pili aliandika katika daftari lake, "Plastiki nyingi hazipitishi umeme." Nikampiga mkasi. Alikuja mezani kwangu baada ya kipindi, akiwa na adabu zake zote, akauliza kosa lake ni nini. Nikamwambia kwamba neno "nyingi" halikuwamo ubaoni. Kwa nini ameliongeza?

"Kwa sababu sijaziona zote, mwalimu."

Wenzake waliokuwa karibu walicheka. Nami nilicheka. Nikamwambia akakae, na ule mkasi mwekundu ukabaki daftarini.

Oktoba 2000 nilisikia redioni kwamba Tuzo ya Nobel ya Kemia imekwenda kwa watu watatu, Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa, kwa kugundua na kuendeleza plastiki zinazopitisha umeme. Nilizima redio nikatoka nje. Kilichoniuma zaidi nilikuja kukisoma baadaye: ugunduzi wenyewe ulitangazwa mwaka 1977. Siku ile nilipompiga mkasi yule binti, jibu lake lilikuwa limeshakuwa kweli iliyochapishwa kwa miaka tisa. Kitabu changu hakikuwa nayo, na mimi nilidhani lisilo katika kitabu changu haliko duniani.

Kisa cha ugunduzi huo kina somo lake. Mwaka 1967, huko Tokyo, mtafiti mgeni katika maabara ya Shirakawa alikuwa anatengeneza poliasetilini, ambayo kwa kawaida ilitoka kama unga mweusi usio na maana. Kwa kutoelewana juu ya vipimo, akatia kichocheo mara elfu moja zaidi ya kile kilichotakiwa. Badala ya unga, pakatokea utando unaometameta kama fedha. Mtu mwingine angeumwaga na kuosha chombo. Shirakawa hakuumwaga, aliuchunguza. Miaka michache baadaye MacDiarmid, mtu wa asili ya New Zealand aliyekuwa akifundisha Pennsylvania, alipita Tokyo, na walipokuwa wakinywa chai Shirakawa akamweleza habari za utando ule. MacDiarmid akamwalika Marekani. Huko, pamoja na Heeger, waliutia mvuke wa iodini, na uwezo wake wa kupitisha umeme ukapanda kwa kiasi cha mara milioni kumi.

Kwa nini plastiki moja izuie na nyingine ipitishe, ilhali zote mbili zimejengwa kwa kaboni na haidrojeni? Siri iko katika namna atomu zilivyoshikana. Ndani ya plastiki ya ndoo, kila kaboni imeshikana na mwenzake kwa kifungo kimoja, na elektroni zimebanwa pale pale zilipo kama mbuzi waliofungwa kila mmoja kwenye mti wake. Katika plastiki ninazozisimulia, vifungo hupokezana kwenye mnyororo: kimoja, viwili, kimoja, viwili, hadi mwisho. Katika mpangilio huo baadhi ya elektroni si mali ya atomu moja tena. Huenea katika sehemu ndefu ya mnyororo, na zikipewa nafasi huweza kusafiri. Tofauti ya mawe ya kuzuia na mawe ya kupitisha, basi, haiko katika mawe yenyewe. Iko katika jinsi ukuta ulivyojengwa.

Kutoka kupitisha umeme hadi kutoa mwanga ilikuwa hatua moja ndefu. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven VanSlyke wa kampuni ya Kodak walichapisha habari za taa iliyotengenezwa kwa matabaka membamba ya molekuli ndogo za kaboni. Kisha katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kundi la Richard Friend lilikuwa likichunguza polima iitwayo PPV. Mwaka 1989 Jeremy Burroughes aliweka utando mwembamba wa polima hiyo katikati ya vipitishi viwili, akaupitishia umeme, na utando ukawaka kwa mwanga wa kijani uliochanganyika na umanjano. Mwaka 1990 walitangaza habari hiyo katika jarida la Nature. Mwanga ule ulikuwa hafifu sana. Sehemu kubwa ya umeme ilipotea bure. Tena polima za namna hii zina maadui wawili ambao hawaepukiki kirahisi, nao ni oksijeni na mvuke wa maji. Lazima zifunikwe vizuri, la sivyo huzeeka upesi. Hata leo, vioo vya simu vyenye taa za aina hii kwa kawaida hutumia zile molekuli ndogo, si polima ndefu. Lakini mlango ulikuwa umefunguka: plastiki imewaka.

Sasa narudi kwa mjomba.

Bomu la kutegwa ardhini lina hila nyingi, na mojawapo ni plastiki. Mashine ya mtu anayesafisha ardhi hutafuta chuma. Watengenezaji wa mabomu wakalijua hilo, wakayavika mengi gamba la plastiki na kubakiza vipande vidogo tu vya chuma ndani yake. Ukiilegeza mashine, inalipita bomu. Ukiikaza ili isikie hata kipande kidogo, inapiga kelele kwa kila msumari, kila kizibo cha soda, kila ganda la risasi, na kila kelele ni lazima mtu apige magoti na kuchokoa udongo taratibu. Kwa hiyo plastiki ilimficha adui wa mjomba mara mbili: kwanza ardhini, halafu ndani ya mwili wake mwenyewe.

Lakini gamba likificha chuma, harufu haifichiki kabisa. Mabomu mengi yamejazwa baruti ya TNT, na chembe chache za TNT na za jamii yake huvuja kidogo kidogo na kupanda hewani. Ni chache mno kwa pua ya binadamu. Swali lilikuwa nani ataweza kuzinusa.

Timothy Swager wa chuo cha MIT, Marekani, alikuwa na jibu lililonifanya nikae kitako nilipolisoma. Polima zake hazihitaji umeme ili ziwake; ukizimulika kwa mwanga wa urujuanimno, zinarudisha mwanga wao wenyewe. TNT ina njaa ya elektroni. Ikijishika kwenye polima iliyomulikwa, huinyang'anya elektroni, na mwanga pale hufa. Kwa hiyo chombo hakisemi "nimeona bomu" kwa kuwaka. Kinasema kwa kufifia.

Ajabu yenyewe ni ukubwa wa kufifia huko. Tuchukue kijiji chenye nyumba mia moja zilizotengana, kila moja ina kandili yake. Mwizi akiingia nyumba moja na kuzima kandili, mtu aliye juu ya kilima hataona tofauti. Bado zinawaka tisini na tisa. Sasa tuchukue jumba moja refu lenye vyumba mia, na mlinzi mmoja anayepita chumba hadi chumba na kandili moja mkononi. Mwizi akijificha katika chumba chochote kile, mlinzi atamfikia, kandili itanyakuliwa, na jumba zima litakuwa giza. Molekuli zilizotengana ni kile kijiji. Polima ni lile jumba. Nguvu ya mwanga iliyoingia kwenye mnyororo haikai mahali pamoja. Katika sehemu ndogo mno ya sekunde huzunguka ikipita mahali pengi kabla ya kutoka, na ikikutana na TNT popote njiani, imekwisha. Molekuli moja ya adui huzima mwanga wa sehemu kubwa ya mnyororo. Swager na mwenzake walionyesha kanuni hiyo mwaka 1995.

Palikuwa na tatizo moja la kimaumbile. Minyororo ya polima ikilala katika utando hupenda kubanana, na ikibanana huzimana yenyewe, tena haiachi nafasi ya mgeni kuingia. Mwaka 1998 Swager na Jye-Shane Yang walitangaza polima iliyopachikwa mabonge magumu ubavuni, mfano wa vijiti unavyoweka kati ya mbao mbichi ili zipitishe hewa. Mabonge yale yaliitenganisha minyororo na kuacha vinjia ambavyo molekuli ya TNT iliweza kupenya. Kampuni ya Nomadics ya Oklahoma ikakitumia utando huo kutengeneza chombo cha kubeba mkononi, hewa ikivutwa kupitia kijibomba cha kioo kilichopakwa polima ndani. Walikiita Fido, jina ambalo Wamarekani huwapa mbwa.

Habari hizi nilimpelekea mjomba mwaka 2005, nikiwa likizo. Nilimkuta ameketi barazani, mguu umevuliwa na kuegemezwa ukutani. Mguu wake wa kwanza ulikuwa wa mti. Ule wa wakati huo ulikuwa wa polipropilini, plastiki ya ukoo mmoja na ndoo na viti vyetu, aina ya mguu ambayo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliieneza katika nchi nyingi zilizoumizwa na vita. Nilimweleza kwa kituo, kwa mfano wa jumba na mlinzi, na yeye akasikiliza kama alivyosikiliza mashauri ya ukoo, macho chini, bila kunikatiza. Nilipomaliza alinyoosha mkono, akaugonga mguu wake kwa kifundo cha kidole.

"Na hii nayo inanusa?"

"Hapana, Mjomba. Hiyo ni ya aina nyingine."

"Basi plastiki iliniondolea mguu, plastiki ikanipa mguu, na sasa unaniambia kuna plastiki inayomsaka yule aliyeuchukua." Akanyamaza kidogo. "Mpwa wangu, mnapofundisha watoto, mnawaambia plastiki ni kitu gani?"

Sikuwa na jibu. Nilimsimulia habari za yule binti na mkasi mwekundu. Hakucheka. Alisema tu, "Ulimwonea."

Kisha akauliza swali la mtu aliyewahi kuzikanyaga njia zile: je, hao wenye chombo wamefika kwetu? Ilinibidi niwe mkweli. Chombo kile kilipata kazi zaidi kwenye vizuizi vya barabara na ukaguzi wa mizigo katika vita za Irak na Afghanistan. Shambani mambo ni magumu zaidi: udongo una unyevu, upepo unahama, harufu ni kidogo na hutangatanga mbali na bomu lenyewe. Katika Msumbiji, ardhi ilisafishwa na watu waliopiga magoti, mashine, mbwa, na panya.

Hao panya nao wana habari yao, na yanatuhusu. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO limekuwa likiwafundisha panya buku katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kunusa TNT. Panya buku hana uzito wa kulipua bomu. Hupita juu yake, hukwaruza, hupewa kipande cha ndizi, na kazi inaendelea. Mjomba aliposikia hayo ndipo alipocheka, mpaka akakohoa. Panya! Mnyama ambaye kijijini tunamtegea mtego, sasa anategua mtego wa binadamu. Akasema afadhali huyo, kwani hahitaji betri.

Mjomba alifariki mwaka 2011. Miaka minne baadaye, Septemba 2015, Msumbiji ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu yote ya ardhini yaliyojulikana. Nilitamani angesubiri kidogo. Kopo lake nililirithi mimi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyejua maana ya kile kipande.

Juni 2019, serikali yetu ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, nami nilishangilia, maana nimeona mifuko ya rambo ikiziba mifereji na kuua mbuzi. Lakini nilipowasikia watu wakisema plastiki ni adui, basi, nukta, nilikumbuka nilivyokuwa naandika ubaoni. Kosa ni lile lile. Wahenga walituonya kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Nami naongeza kwamba hata anayeusifu mwiba bila kuuchunguza hatabaki salama. Kaboni haina wema wala ubaya. Mikono ya watu iliipanga hivi ikawa gamba la bomu, ikaipanga vile ikawa mguu wa mjomba, ikaipanga kwa vifungo vya kupokezana ikawa utando unaofifia adui anapokaribia. Anayetaka kuihukumu ajifunze kwanza mpangilio.

Wakati mwingine nakifungua kile kipande mkononi nikijua hakitawaka kamwe. Vifungo vyake haviruhusu. Ni plastiki ya kawaida, ile ile niliyoifundisha, na juu ya hiyo sentensi yangu ya ubaoni ilikuwa sahihi kabisa. Ilikuwa sahihi juu ya kile nilichokuwa nimekiona.

Yule binti sijapata kumwona tena. Sijui daftari lile liko wapi, au kama lilikwisha kuwa vikoromeo vya karanga sokoni. Lakini kabla sijastaafu, katika miaka yangu ya mwisho ya kufundisha, niliandika ubaoni, "Plastiki nyingi hazipitishi umeme." Mwanafunzi yeyote aliyeuliza kwa nini nimesema "nyingi", nilimjibu kwa maneno ambayo si yangu: kwa sababu sijaziona zote.